Kimbia Ukiimba

Mtaa mzima wa Msamala ulimjua Hironimus Ngonyani kwa mkono wake wa kulia. Mkono ule, bwana wee, ulikuwa mnene toka begani mpaka kiganjani, umeota sugu kwa kubeba magunia ya mahindi kwenye maghala ya matajiri wapya, wale walioanza kuingia Songea na malori yao wenyewe baada ya biashara kufunguliwa. Gunia la rumbesa, lililoshindiliwa kupita mdomo, ambalo wenzake walilibeba wawili huku wakiguna, yeye alilitupia shingoni akaondoka nalo akipiga mluzi. Na mkono huohuo ndio uliong'oa jino la mkewe.

Sababu ilikuwa maharage. Maharage tu, jamani! Kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa jikoni, Lidwina anapuliza mpaka machozi yanamtoka, na Hironimus karudi toka kilabuni, komoni imempanda kichwani. Akauliza chakula kiko wapi. Lidwina akasema subiri kidogo. Mume mzima, baba wa mtoto, akakunja ngumi akamtwanga mkewe shavu la kushoto. Jino likaangukia kwenye jivu la mafiga. Lidwina hakupiga kelele. Aliliokota, akalifunga kwenye pindo la khanga, akambeba mtoto wao Aurelia mgongoni, na kulipopambazuka alikuwa ameshika njia ya kwao Maposeni.

Hironimus akamfuata na wazee wake, maana ndivyo inavyotakiwa. Alikalishwa chini kwenye mkeka akasemwa mpaka shati likalowa. Wa mwisho kusema alikuwa mjomba wa Lidwina, mzee mkavu mwenye sauti ndogo ambayo watu walinyamaza wenyewe kuisikiliza. Aliagiza bakuli la maji yaliyokorogwa na unga wa ulezi.

"Leta mkono huo," alisema.

Hironimus akaunyoosha. Mzee akaumiminia maji yale taratibu, kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kucha.

"Haya ndiyo tunayowapa marehemu wetu tunapowaita. Sasa na wao wameujua mkono wako. Ukimgusa tena huyu, au mtu yeyote wa damu ya nyumba hii, mke huna. Usituletee wazee, usituletee mbuzi, wala usituletee padri. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Lidwina akarudi Msamala, lakini hakurudi peke yake. Alikuja na mdogo wake Saimon, ndugu pekee wa tumbo moja aliyebaki naye, kijana mrefu mwembamba aliyejifunza useremala na sasa anatafuta kazi mjini. Akampa chumba cha uani. Hironimus alielewa vizuri sana kwa nini yule kijana kaletwa: awe macho ya wajomba pale nyumbani. Alimpenda mkewe, tusimsingizie. Alimpenda na alimwogopesha, na hakujua afanye nini ili la kwanza libaki na la pili liondoke.

Aliyempa njia alikuwa Mathias, askari mstaafu aliyekaa Mshangano, mtaa wa jirani, mtu aliyerudi toka vita vya Uganda akiwa na sauti ya kuamrisha na mguu unaochechemea siku za baridi. Uani kwake Afande Mathias alikuwa na vyuma. Usifikirie vyuma vya dukani. Ilikuwa ekseli ya lori bovu, kila ncha imechomekwa kwenye mkebe wa rangi uliojazwa zege, na gia za trekta zilizofungwa kwa minyororo, na benchi la mninga lililong'aa kwa jasho la vijana.

"Una hasira nyingi," Mathias alimwambia. "Njoo uzilete hapa. Chuma hakina mjomba."

Hironimus akaja. Akalala kwenye benchi, akaisukuma ekseli juu mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akaona kwamba kweli, akitoka pale mikono inatetemeka na hawezi hata kuinua bakuli la uji kwa haraka, sembuse kumpiga mtu. Akanogewa. Saimon naye akamfuata, ikawa shemeji na shemeji kila jioni.

Ikaja habari kwamba siku ya Sabasaba kutakuwa na shindano la kutunisha misuli kwenye ukumbi mmoja mjini. Washindani watapanda jukwaani vifua wazi, wajipake mafuta, watu waone. Hironimus akasema huyo mshindi keshapatikana, ni yeye. Alitaka angalau mara moja mkono ule upigiwe makofi.

Mathias akamtazama toka juu hadi chini. "Unataka kuwa mkubwa, au kuwa mkavu?"

"Vyote, Afande."

"Basi piga vyote. Siku moja chuma kizito: mapaja, mgongo, kifua, usiruke kitu. Siku inayofuata mbio, mpaka chini ya Matogoro na kurudi, halafu kamba. Chuma kinajenga nyama. Mbio zinaondoa mafuta yaliyoifunika. Kula maharage, kula mayai ukiyapata, na komoni iache hukohuko kilabuni. Ukichagua kimoja ukaacha kingine, utakuwa nusu mtu."

Unadhani Hironimus alisikia? Aa, wapi! Alichagua kifua na mikono. Mapaja nani atayaona, alisema, mimi si navaa suruali? Na mbio alizidharau kabisa. Mtu mzima anayebeba rumbesa kutwa akimbie kwenda wapi? Alipiga vyuma, akatoka pale akapitia kilabuni kupoza koo. Baada ya miezi kadhaa kifua kilikuwa kama mlango, mikono haipiti kwenye mashati ya mtumba, na tumbo limetangulia mbele mwenyewe akifuata nyuma.

Saimon alifuata maneno ya Mathias kama yalivyo. Alichuchumaa na ekseli mabegani mpaka magoti yakalia, akaruka kamba, akakimbia. Kila msuli ukajitokeza peke yake chini ya ngozi. Jioni moja wakiwa wanaoga uani, akamtazama mume wa dada yake akashindwa kujizuia.

"Shem, juu dume, katikati mama mjamzito, chini kuku!"

Lidwina aliyekuwa akipepeta mchele akasimamisha ungo. Hironimus alihisi ngumi inajikunja yenyewe. Utani wa mashemeji ni halali, kila mtu anajua, lakini damu ilikuwa imeshapanda. Akaona mkewe anavyoutazama mkono, si uso, mkono. Akakumbuka maji yale ya ulezi yakichuruzika kwenye kucha. Akaikunjua ngumi kidole kimoja kimoja, akacheka kicheko kikavu.

"Kesho nitakimbia na wewe," alisema.

Kwa Mathias mbio zilikuwa na sharti moja, na hilo hakulilegeza kwa mtu. Kimbia ukiimba. Mchakamchaka, kama shuleni, kama jeshini: mmoja anaita, wengine wanaitikia. Siku hizo wizi ulikuwa umezidi mjini. Vitu vilikuwa vimejaa madukani na wengi hawakuwa na cha kuvinunulia, na sungusungu, walinzi wa mtaa, walilala macho. Mtu anayekimbia huku akiimba alfajiri, watu walimfungulia madirisha wakamsalimu. Mtu anayekimbia kimya waliuliza anamkimbia nani, na swali hilo waliliuliza kwa marungu.

Saimon akatunga wimbo wake mwenyewe. Wakishafika karibu na nyumbani, jasho linachuruzika, alipaza sauti, "Dada, teleka!" na Hironimus nyuma yake, akihema kama mtu anayezama, aliitikia, "Tunakuja!" Dada, teleka! Tunakuja! Wanawake wenye ndoo za maji walicheka njiani, watoto waliitikia wakiwa vitandani, na Lidwina akisikia alijua ni wakati wa kuinjika sufuria ya uji. Zilikuwa siku nzuri zile. Tumbo la Hironimus lilianza kurudi, na nyumbani hakuna aliyeguswa.

Lakini hasira ya mtu haiishi kwa ekseli na wimbo. Hironimus alikuwa sungusungu, na si sungusungu wa kushika tochi. Yeye ndiye aliyeitwa mwizi akishapatikana. Kiapo cha Maposeni kilitaja damu ya nyumba moja tu. Dunia iliyobaki aliiona halali yake.

Siku moja alikamatwa kijana na redio ya kaseti ambayo hakuweza kueleza kaitoa wapi. Filimbi zikalia, Hironimus akafika akiwa bado na unga wa ghala kichwani. Hakuuliza kitu. Ngumi ya kwanza ilimkalisha yule kijana chini, ya pili ikampasua jicho. Kijana akainua mkono kujikinga, Hironimus akaudaka, akauweka kwenye goti lake akauvunja, na mlio wake ukasikika mpaka kwa waliokuwa nyuma. Watu wakashangilia. Wakamwacha pale mchangani anatapika, mpaka wasamaria wakamtupia kwenye mkokoteni kumpeleka polisi. Na tuseme ukweli, Hironimus aliona raha. Raha yenyewe ilimteremka toka kichwani mpaka miguuni, akalala usiku ule usingizi wa mtoto.

Kesho yake ikajulikana kwamba redio ilikuwa ya kijana mwenyewe, kaachiwa na marehemu kaka yake. Alikuwa na kigugumizi tu. Saimon ndiye aliyeleta habari, uji ukampoa mkononi.

"Shem, si ungemuuliza kwanza?"

"Mwizi haulizwi."

"Sasa kama si mwizi?"

"Basi angesema haraka," Hironimus alijibu, akainuka kwenda kazini.

Kilichoharibu mambo zaidi ni video. Karibu na stendi kulikuwa na kibanda cha mabati, unakaa kwenye mabenchi unatazama watu wa nchi za mbali wakipigana. Humo Hironimus akamwona mwanamasumbwi mmoja akijifua: anakimbia peke yake kwenye baridi, mzigo mgongoni, mdomo kaufunga, macho mbele. Tumbo lake limekatika vipande vipande kama kipande cha sabuni ya mche iliyochorwa kwa kisu. Hironimus alitoka mle kibandani mtu mwingine.

"Ndiyo siri yenyewe!" alimwambia Mathias. "Kuimba kunakula pumzi. Wenzetu wanafunga mdomo, wanavuta puani, na mgongoni wana mzigo. Hawaimbi wale."

"Huko kwao hakuna Msamala," alisema Mathias.

"Mambo ya kizamani hayo, Afande."

"Ya kizamani? Haya. Lakini akikimbia mtu kimya toka uani kwangu, asirudi uani kwangu."

Hironimus akaona mzee keshazeeka. Akatafuta kiroba cha nailoni, kile kinachofungiwa sukari, Saimon akakijaza mchanga wa mto Luhira, na Lidwina akakishonea mikanda miwili ya kitenge cha njano kilichochakaa ili kisikate mabega. Hironimus alikimbia nacho mara chache, akianzia nyumbani ili Mathias asijue, magoti yakamuuma, mgongo ukamkata, akarudi kwenye benchi lake la mninga. Mchanga akamwachia Saimon. Sabasaba ilikuwa inakaribia, na sasa Saimon naye alisema atapanda jukwaani.

"Unataka kunipita?" Hironimus alimwambia, nusu utani nusu kweli. "Basi kimbia kila siku, hata siku ya chuma. Na ukikimbia, funga mdomo. Wimbo waachie watoto wa shule."

Saimon aliyapokea maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa kijana wa kufuata anachoambiwa na mkubwa.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya mwezi wa sita, ukungu umeteremka toka Matogoro mzito, mtu wa hatua chache mbele humwoni uso. Ilikuwa siku ya chuma. Lidwina alikuwa ametoka mapema na mtoto kwenda misa. Mlango wa chumba cha uani ulikuwa umefungwa, na Hironimus, aliyekuwa bado chini ya blanketi na kifua kinachouma kwa ekseli ya jana, alikuwa keshasahau aliyomwambia Saimon mwenyewe, hakuwaza kwamba mwenye chumba hayumo.

Mtaa wa pili, Mussa wa Nakapanya, Myao mwenye duka la rejareja, mtu mpole sana, alirudi toka msikitini akakuta kufuli limeng'olewa na kiroba cha sukari hakipo. Akapiga kelele, "Mwizi! Jamani, mwizi!" Filimbi ya kwanza ikalia, ya pili ikaitika, milango ikaanza kufunguka huku na huku. Na ndani ya ukungu uleule, mbele ya macho ya watu, akapita mtu anakimbia. Kavaa jaketi la mtumba lenye kofia, kafunika kichwa. Kiroba mgongoni. Kimya.

"Huyooo! Huyo na sukari!"

Hironimus alitoka na bukta tu, kifua wazi, akasimama katikati ya barabara. Alisikia vishindo kabla hajaona kitu. Halafu akamwona mtu yule akitokeza kwenye ukungu, na nyuma yake kelele na marungu na mawe yanayodunda. Mtu yule alikuwa anataka kukata kona. Alipomwona Hironimus aliacha kona, akageuka, akamjia moja kwa moja mbio, mikono ameitanua.

Saimon alikuwa amemwona shemeji yake. Toka mawe yaanze kumpita masikioni hakuwa ameona uso wa mtu anayemjua, na sasa kamwona yule mwenye nguvu kuliko wote, mtu wa nyumbani, amesimama pale kama ukuta. Alimkimbilia.

Hironimus aliona mwizi anayemvaa.

"She..." alianza yule mtu, na ngumi ya kulia ikamkuta mdomo uko wazi. Ilitoka nyongani, ikapita begani, nguvu zote za ekseli na rumbesa zikiwa ndani yake. Taya likahama upande. Mtu akaanguka chali juu ya mzigo wake, na kabla hajagusa chini vizuri Hironimus alikuwa amempiga teke la mbavu, na wengine wakafika.

Wee! Wacha kabisa. Marungu yalishuka, fimbo za mpera, nondo ya mtu fulani, jiwe la kujengea lililobebwa kwa mikono miwili. Mama mmoja alikuja na mwiko wa ugali. Kila mtu alitaka lake. Hironimus akapiga teke jingine, likakipata kiroba, kiroba kikapasuka.

Ukamwagika mchanga.

"Sukari gani hii nyeusi?" mtu mmoja alicheka, huku anaendelea kupiga.

Hironimus alitazama mchanga unavyotiririka, mlaini, wa mtoni. Akatazama mkanda. Kitenge cha njano, kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo ya Lidwina. Akainama akavuta ile kofia ya jaketi. Macho ya Saimon yalikuwa wazi yanamtazama. Mdomo ulikuwa unajaribu kulimalizia lile neno na hauwezi, damu tu inatoka, na jino limeshikilia kwenye mdomo wa chini.

"Acheni!" Hironimus alinguruma. "Acheni, shemeji yangu huyu!"

Nani asikie? Katika kelele zile, hata acheni ilisikika kama ongezeni. Alimsukuma mmoja, wakaja watatu. Hapo hakufikiri tena. Alijitupa juu ya Saimon, akamfunika kichwa kwa kifua chake, akakaza mgongo.

"Mwenzake huyo! Wamekuja wawili!" ikalia sauti kwenye ukungu.

Wakaugeukia mgongo. Mgongo ule ambao Mathias alimsihi aujenge na yeye akaudharau kwa sababu mwenyewe hauoni, sasa ulipokea nondo na mawe. Mfupa wa bega ukavunjika. Alitandika kiganja chake cha kulia juu ya kisogo cha Saimon, na jiwe la kujengea likaangukia hapo, vidole vikasagika vyote. Alipiga kelele lakini hakuondoka. Chini yake alisikia pumzi ya kijana inapita kwa taabu, ndani, nje, akawa anaisikiliza hiyo tu.

"Kikosi! Simama!"

Sauti ya gwaride. Afande Mathias alikuwa amefika akichechemea, fimbo mkononi, na ile amri iliwapata pale walipoizoea toka shuleni na jeshini. Mikono ikasimama hewani kabla vichwa havijaelewa. Akapenya katikati yao, akamgeuza Hironimus, watu wakauona uso.

"Mungu wangu, ni Hironimus!"

Mussa akaja na tochi, akapiga magoti, akauchota mchanga kiganjani. "Astaghfirullah," alisema. "Hii si sukari yangu. Jamani, hii si sukari yangu." Akalia pale kama mtoto. Wale wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakiburuza marungu, na yule mama akaficha mwiko ndani ya khanga.

Hospitalini waliwalaza wodi moja. Saimon alivunjika mguu na mbavu, sikio moja halikusikia tena, na taya lake lilifungwa lisiweze kufunguka. Lakini aliishi. Na Hironimus akawa shujaa. Watu wa Msamala walewale, wengine wakiwa na mikono iliyoshika mawe, walimletea ndizi na chai ya maziwa, wakamsimulia Lidwina jinsi mumewe alivyojitupa juu ya kijana akakubali kufa. Wote walisema hivyo. Nani aliyeanza kupiga, hapana aliyesema, kwa kuwa katika ukungu ule hapana aliyeona.

Lidwina alimwosha mume wake mgongo kwa maji ya chumvi, machozi yakimdondokea kwenye vidonda.

"Baba Aurelia, umeniokolea mdogo wangu. Mungu akulipe."

Hironimus alikaa kimya. Siku ya pili akakaa kimya, ya tatu vilevile. Alijua neno moja tu likimtoka, hana mke. Wa kulisema mwingine alikuwa Saimon, na Saimon alikuwa amefungwa mdomo. Ila kila Hironimus alipojikongoja hadi kitandani kwake, kijana alifumba macho, na hakuyafumbua mpaka aondoke.

Lidwina aliliona hilo. Jioni moja alikuwa anampangusa mdogo wake uso, kitambaa kikapita kwenye shavu la kushoto lililovimba, akasimama. Akaweka kidole kwenye pengo lake mwenyewe. Akakiweka tena kwenye shavu la Saimon. Akageuka polepole.

"Yeye alikuwa anakimbia," alisema. "Mawe yalikuwa nyuma. Hili la mbele kalipata wapi?"

Wodi nzima ikasikia. Hironimus alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono wa kulia umefungwa bandeji mnene. Angeweza kusema hajui. Shujaa angeaminiwa.

"Mkono huu," alisema. "Sikumjua, Mama Aurelia. Alikuwa ananikimbilia, nami sikumjua. Na mimi ndiye niliyemwambia akimbie kimya."

Lidwina hakulia wala hakumtukana, na afadhali angemtukana. Alirudi kumpangusa Saimon pale alipoachia. Kijana alikuwa amefumbua macho.

Saimon aliporuhusiwa kutoka, Lidwina alimpakia kwenye lori linalokwenda Peramiho, njia ya Maposeni, yeye, mtoto na sufuria zake. Hironimus alisimama kando ya barabara. Hakuita wazee, hakutafuta mbuzi, hakwenda kwa padri. Alikuwa ameshaambiwa. Lori lilipowashwa Saimon alitoa kichwa, akainua mkono mmoja kidogo, halafu akaushusha.

Sabasaba ilipita, mshindi akapigiwa makofi ukumbini, Hironimus hakuwapo. Vidole vyake havikukunjika tena kuwa ngumi. Ghalani walimpa kazi ya kufagia. Komoni haikumpita tena kooni, nyama haikumwelekea, na sasa alikimbia kila alfajiri mpaka chini ya Matogoro na kurudi. Mwaka haukwisha tumbo likaisha lote. Mbavu, mabega, mapaja, kila kitu kikajichora kama alivyotaka siku zile. Vijana wa Mathias wakimwona anapita walinong'ona kwamba mwili ni ule, na Mathias akawaambia wanyamaze wapige chuma.

Anakimbia mpaka leo, na hakimbii kimya. Anaanza mbali, kule kwenye mashamba ya Mshangano, na watu wa Msamala wanamsikia wakiwa bado vitandani. Akishafika karibu na nyumba yake iliyofungwa mlango, anapaza sauti zaidi. "Dada, teleka!" anaita. Hakuna anayejibu, hata watoto wameshakatazwa. Basi anajiitikia mwenyewe, "Tunakuja!" na anaingia ndani kuwasha moto.